"Breki Zilikatika" Isiwe Kauli ya Mwisho

KILA gari linapoacha njia kwenye mteremko, kauli inayotangulia ni ile ile: breki zilikatika. Dereva akiwa hai huitoa mwenyewe. Akiwa amefariki, utingo humsemea. Nasi wasomaji huisoma, tukatikisa vichwa, tukafunua ukurasa wa michezo. Naomba niwiwe radhi nikisema kwamba kauli hiyo, mara nyingi, haielezi kitu. Breki si kamba ya mbuzi hata ikatike tu. Aghalabu zimepata joto kupita kiasi, na joto hilo halitokei pasipo sababu inayoweza kutafutwa kwa macho, kwa pua na kwa mkono.

Siyasemi haya kwa kuwa mimi ni fundi. Nayasema kwa kuwa nilinusurika. Nilikuwa nikitoka Iringa pamoja na familia yangu katika gari dogo. Tangu Ilula watoto walilalamikia harufu kali, mithili ya kitambaa kinachoungua. Niliwajibu kwamba ni lile lori lililokuwa mbele yetu. Katikati ya mteremko wa Kitonga nilikanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni kana kwamba haikuunganishwa na kitu chochote. Gia ya kwanza, breki ya mkono na rehema ya Mwenyezi Mungu ndivyo vilivyotusimamisha. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima, hakuna aliyesema neno. Nilipoijaribu tena pedali, ilikuwa ngumu na nzima, kama siku gari lilipotoka gereji.

Jambo hilo la breki kufa na kufufuka ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo yafaa lielezwe. Breki haiufuti mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Lori la tani 10 likishuka kimo cha mita 300 bila kuongeza mwendo, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya madebe manne ya maji. Joto hilo halina budi kwenda mahali. Dereva akiteremka kwa gia ndogo, injini hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Akiteremka kwa fri ati anaokoa mafuta, au akiuweka mguu juu ya breki tangu kileleni mpaka bondeni, karibu lote huishia kwenye ngoma na diski.

Kutoka hapo joto hupenya mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na yakisha kulowa, kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ni wangapi miongoni mwetu tunaofanya hivyo? Tunanunua gari lililokwisha tumika Japani miaka kumi, na mafuta yake ya breki yamekuwa meusi kama kahawa ya kijiweni, nasi tunakimbilia kwanza kubadilisha redio.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu unausukuma mvuke badala ya kuzisukuma breki. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji. Hivyo basi mkaguzi akifika kesho yake na kuijaribu pedali, huenda akaikuta nzima. Atadhani dereva amesema uongo, kumbe dereva amesema kweli asiyoielewa.

Tulipofika mjini, fundi wa kwanza aliumwagia maji mgurudumu uliokuwa bado ukifuka joto, jambo linaloweza kuipasua au kuipinda diski, kisha akabadilisha pedi na kupokea fedha zake. Baada ya wiki mbili harufu ilirudi. Alikuwa amebadilisha kilichoungua, akakiacha kinachounguza.

Fundi wa pili, kijana mwenye gereji chini ya mwembe, hakushika spana kwanza. Aliniomba niliendeshe gari kilometa chache, nikikanyaga breki pale tu inapobidi. Niliporudi alikipitisha kiganja chake karibu na kila gurudumu, karibu tu bila kugusa. La mbele kushoto lilikuwa moto mno. Mengine matatu yalikuwa vuguvugu.

"Mzee," akaniambia, "lingekuwa kosa la mguu wako, magurudumu yote yangelalamika."

Akapiga jeki. Gurudumu lilikataa kuzunguka. Akakilegeza kijiskrubu cha kutolea hewa. Mafuta yakaruka, na papo hapo gurudumu likazunguka. Kwa jaribio hilo moja alijua kwamba pistoni haikuganda kwa kutu, maana ingeganda, gurudumu lingeendelea kushikwa. Mafuta yalikuwa yamefungiwa. Tatizo lilikuwa bomba la mpira lililovimba kwa ndani: mguu uliweza kuyasukuma mafuta yapite, lakini hayakuweza kurudi, na pedi zikabaki zimeing'ang'ania diski tangu Iringa. Kwa nje bomba lilikuwa zima kabisa. Yangekuwa moto magurudumu mawili ya nyuma, alisema, angeanza na waya wa breki ya mkono. Yangekuwa moto yote manne, angeitazama silinda kuu na uhuru wa pedali, halafu angeniuliza habari za mguu wangu. Kazi hiyo yote haikufika nusu saa.

Kama hayo yanawezekana chini ya mwembe, kwa nini yasifanyike kwenye vituo vya mabasi? Basi kubwa lina breki za upepo na ngoma, nazo zina tabia yake. Ngoma ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na breki iliyokuwa imelegea kidogo asubuhi inakuwa haifiki kabisa mteremkoni. Mzigo wake hubebwa na magurudumu mengine, nayo huungua kwa zamu. Kwenye basi, basi, gurudumu lililo baridi kuliko wenzake ni la kutiliwa shaka sawa na lililo moto, kwa sababu huenda halifanyi kazi. Hilo wengi hawalijui, na nadiriki kusema hata baadhi ya mafundi.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, wengi wetu tulielekezewa kipima joto usoni kabla ya kuingia ofisini. Chombo cha jinsi hiyo, kilichotengenezwa kwa joto la viwandani, kinaweza kupima gurudumu kwa sekunde chache bila mtu kuungua mkono. Wenye mabasi wanaoona fahari kuweka televisheni ndani hawawezi kudai kwamba kimewashinda. Basi lisimame kabla ya Kitonga au Sekenke, magurudumu yapimwe, tarakimu ziandikwe na dereva atie sahihi. Abiria watanung'unika kwa kucheleweshwa. Na wanung'unike.

Na inapotokea ajali, taarifa isiishie kwenye maneno ya utingo. Iseme kama diski ziligeuka rangi ya buluu, kama grisi iliyeyuka na kutoka kwenye beringi, kama viatu vya breki viling'aa kama kioo au kupasuka, na ni gurudumu lipi. Iseme mafuta ya breki yalibadilishwa lini na nani. Iseme pia gari lilikutwa katika gia gani.