Baiskeli ya mazoezi: Mguu mwepesi si uvivu



Anayepita mitaa ya Mchafukoge kuelekea Kariakoo hakosi kumkuta mnoa visu. Baiskeli yake ameisimamisha kwa stendi, gurudumu la nyuma liko juu, jiwe linazunguka, naye anapiga pedeli bila kwenda popote. Mtazame miguu. Hakanyagi kwa hasira. Anazungusha kwa mwendo mmoja, kwani akikanyaga kwa kushtukia jiwe litakula kisu cha mteja. Kazi hiyo anaifanya kutwa, na kesho anarudi tena.

Nimemtaja mnoa visu kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kwangu akilalamikia magoti. Miezi michache nyuma aliambiwa presha imepanda, afanye mazoezi. Anakaa ghorofani, na kukimbia barabarani na baibui aliona haya. Wanawe wakachanga, wakamnunulia baiskeli ya mazoezi. Siku ya kwanza alikaza kile kifundo cha uzito hadi mwisho, akakanyaga dakika arobaini, jasho likamtoka. Siku mbili zilizofuata aliswali amekaa kwenye kiti. Leo baiskeli ile inaanikiwa kanga.

Aliyemwambia "mama, fanya mazoezi" ni mimi. Namna ya kuyafanya sikumwambia.

Hili si kosa dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu la damu. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kuhimiza mazoezi. Wito umefika. Lakini wengi wetu tumeuelewa hivi: bila jasho na maumivu, hujafanya kitu. Kwa maoni yangu fikra hiyo ndiyo inayowarudisha watu kwenye kochi.

Tazama wenye fani yao. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mbio za Tour de France mara nne, alikuwa katika timu ya Sky ambayo waendeshaji wake, wakishamaliza mbio za siku, walipanda baiskeli za kusimama wakazungusha miguu taratibu kwa dakika kadhaa. Wapo waliowacheka. Baadaye timu nyingine zikafuata. Kama bingwa wa mbio hizo ana muda wa kukanyaga kilaini, sisi tunaojifunza tunakimbilia wapi?

Sababu yake ni hii. Misuli ikifanya kazi nzito hutoa asidi inayoitwa laktiki. Ukiendelea kuzungusha miguu kilaini damu huiondoa haraka kuliko ukikaa ghafla, na moyo hushuka polepole bila kizunguzungu. Ila tusidanganyane: yale maumivu ya kesho na keshokutwa hayatokani na asidi hiyo. Yanatokana na michubuko midogo ndani ya misuli ambayo haijazoea kazi. Baiskeli nyepesi haiyafuti yote, lakini hulegeza viungo vilivyokakamaa na kukufanya usiiache ada yako.

Siku nyepesi ina faida nyingine: ndiyo siku ya kujifunza kupiga pedeli. Uzito ukiwa mkubwa mtu hupambana tu, hasikii mguu wake unafanya nini.

Anza na kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Kisha sogeza unyayo, pedeli ikae chini ya ile sehemu pana nyuma ya vidole. Hapo goti litapinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno goti hubanwa mbele. Kikiwa juu mno nyonga huyumba. Magoti yaelekee mbele sawa na vidole, yasitanuke.

Kisha usikanyage chini tu. Mguu ukifika chini, uvute nyuma kama anayefuta tope mlangoni, na ule unaopanda usimlemee mwenzake. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Mara 15 ni mizunguko 60 kwa dakika; mara 20 ni 80. Kaa kati ya hapo. Ukirukaruka kitini, punguza kasi. Ukishindwa kuzungumza na mtoto aliye pembeni bila kuhema, punguza uzito.

Anayeanza zinamtosha dakika kumi. Akizoea, afanye siku tatu za nusu saa ambazo pumzi inapanda kiasi lakini maneno yanatoka, na kati yake siku nyepesi za dakika 15 hadi 20. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki; kutembea kwa haraka kwenda sokoni kutajazia zilizobaki. Mwezi wa Ramadhani, mguu mwepesi karibu na futari unatosha, kwa mwenye afya.

Tahadhari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amuulize kwanza tabibu wake, na awe na kitu kitamu karibu. Kifua kikibana, acha hapo hapo, uende hospitali. Na wale wanaoanza kwa pupa wajue: misuli iliyoumizwa sana humwaga ndani ya damu vitu vinavyoweza kuua figo. Ukiona misuli imevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi, usisubiri kupambazuke.

Kina baba nao nina neno nao. Mama akipanda baiskeli akiwa ndani, katika stara yake, usimwambie anacheza kwa kuwa hatoki jasho. Mshikie mtoto hizo dakika ishirini. Tumefunzwa kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile ya kudumu, japo kidogo. Sijui mfano wa karibu zaidi na mguu wa mnoa visu.

Yule mama nimemwomba aondoe kanga, alegeze kifundo, apandishe kiti, aanze na dakika kumi. Safari hii nimekaa naye nikamwonyesha.