Kabla ya kununua sola, pima kisima chako

Siku hizi kila anayelima tungule na pilipili boga za kupeleka Darajani na mahotelini anaulizia sola. Sawa kabisa. Umeme wetu Unguja unatoka Bara kwa kebo inayopita chini ya bahari hadi Fumba, na mwaka 2008, kisha Desemba 2009 hadi Machi 2010, tuliona kisiwa kizima kikikaa gizani. Tena mashamba mengine nguzo hazijafika.

Ninachopinga ni kununua seti kwa kuangalia picha kwenye simu. Betri, inveta, pampu kubwa, vyote kwa mkopo, na mtu hajui kisima chake kinatoa lita ngapi.

Mimi nasema usihifadhi umeme, hifadhi maji. Jua likiwaka pampu inajaza tangi lililoinuliwa juu. Jioni unafungua, maji yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone. Betri ni ghali na ndiyo inayokufa mwanzo.

Hebu tupige hesabu. Nusu eka ya tungule wakati wa jua kali inataka kama lita 10,000 kwa siku. Kuzipandisha mita 15 kunakula kama uniti moja tu ya umeme. Kwa saa tano za jua zuri, paneli moja ya wati 300 na pampu ndogo inayoendana nayo zinatosha. Wakati wa masika mawingu yanapunguza nguvu, lakini hapo mvua inakumwagilia bure.

Sasa hatari yenyewe. Pampu ya petroli inazimwa na bei ya mafuta. Ya sola nani ataizima? Ukivuta kupita kiasi karibu na pwani, kama Paje, Jambiani au Makunduchi, chumvi inapanda, na kisima kikishaharibika hata jirani yako kaharibikiwa. Kwa hiyo azima au kodi pampu, vuta maji saa kadhaa, angalia yanashuka kiasi gani na yanachukua muda gani kurudi, kisha pima chumvi. Ukishafunga yako, weka swichi ya boya izime tangi likijaa.

Na fundi asiwe lazima atoke mjini. Chuo cha Barefoot pale Kinyasini kimefundisha kina mama wa vijijini ufundi wa sola. Waulizieni.

Kisima kwanza, tangi la pili, paneli mwisho. Muuzaji akianza na paneli, mwambie asubiri.