Fulana Iliyovuliwa Haimkingi Mtu

Kazi yetu ya kueleza habari za jeshi kwa wananchi hutupeleka mahali pengi pamoja na kamera, na kuna jambo moja ambalo tumeliona mara nyingi mno hata hatuwezi tena kulinyamazia. Gari letu linapokaribia kituo, askari hutazamana, kisha kila mmoja huinama na kuichukua fulana yake ya kuzuia risasi iliyokuwa imelazwa juu ya magunia ya mchanga au kutundikwa mtini. Huivaa, hufunga mikanda, husimama wima. Picha hupigwa, nayo huwa nzuri. Gari letu likiisha kupinda kona, fulana hurudi mtini. Picha za namna hiyo zimechapwa magazetini, nasi hatuna budi kukiri kwamba tulizitoa tukijua.

Hatuandiki leo ili kuwakemea askari hao. Mtu aliyesimama saa nne mfululizo kando ya lami, saa saba ya mchana, amevaa kombati, kofia ya chuma na fulana yenye mabamba mbele na nyuma, hakuivua fulana hiyo kwa uvivu. Aliivua kwa sababu mwili wake ulimwambia kwamba asipoivua ataanguka, na huenda mwili ulisema kweli. Hata hivyo risasi haichagui saa ya kufika. Maoni yetu ni kwamba fulana inayovuliwa kwa sababu ya joto ni kosa la mpango kabla ya kuwa kosa la askari, na mpango ni kazi ya kamanda.

Yafaa kwanza tuelewe adui huyu ni wa namna gani. Mwili wa binadamu hufanya kazi vema ukiwa na joto la digrii 37 hivi. Askari anapotembea na mzigo, sehemu ndogo tu ya nguvu anazotumia, kama robo moja au pungufu, huwa mwendo. Zilizobaki zote hugeuka joto ndani ya misuli, na joto hilo sharti litoke. Njia kubwa ya kulitoa mahali penye jua kali ni jasho. Lakini jasho lidondokalo chini halimpozi mtu. Limpozalo ni lile linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa joto la kilokalori 580 hivi, kiasi kikubwa sana. Sasa fulana yetu hufunika kifua, mgongo na tumbo, na huzuia upepo usifike huko. Chini yake jasho hutoka, hulowesha nguo, huchuruzika mpaka kwenye mkanda wa suruali, wala halikauki. Askari hupoteza maji bila kupata faida ya maji hayo. Isitoshe, fulana yenye mabamba mawili huweza kufikia kilo 10, na kuzibeba kilo hizo ni kazi inayozaa joto jingine.

Askari wetu wanaijua tofauti ya joto na joto. Aliyetumwa Karamoja wakati wa Operesheni Usalama kwa Wote iliyoanza Julai 2021 ameonja jua kavu, ambalo hukausha jasho hata mtu akadhani hatoki jasho kabisa. Waliokwenda Somalia tangu Machi 2007, majeshi yetu yalipotua Mogadishu, walikuta habari nyingine. Kipimajoto cha pale bandarini huenda kisipande juu kuliko cha Moroto, ila hewa imejaa unyevu wa bahari, na jasho halina pa kwenda. Wengi walitoka Kampala na wilaya za kusini, penye mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, wakashushwa pwani na kupewa fulana siku ile ile.

Wataalamu wa Marekani waliliona jambo hili katika miaka ya 1950, baada ya vijana wengi kuanguka kwa joto katika kambi ya mafunzo ya Parris Island. Waliunda kipimo kinachokusanya vipimajoto vitatu: kimoja hufungwa kitambaa chenye maji, cha pili huwekwa ndani ya tufe jeusi juani, cha tatu ni cha kawaida kivulini. Katika hesabu ya mwisho kile chenye kitambaa cha maji hupewa sehemu 7 kati ya 10, tufe jeusi sehemu 2, na kile tunachokitazama sote hupewa sehemu 1 tu. Ndiyo kusema kwamba unyevu una uzito kuliko ukali wa jua. Na askari akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi mahali penye unyevu, kanuni zao huagiza iongezwe karibu digrii 3 juu ya hesabu hiyo. Kamanda asiye na chombo hicho na aikumbuke hizo digrii 3: siku anayoiona kuwa ya joto la kawaida, kwa mtu wake mwenye fulana ni siku ya joto kali.

Tulipokuwa makadeti, mwenzetu mmoja alianza kupepesuka katika mwendo wa mzigo. Aliulizwa jina lake akajibu jina la kijiji chao. Tulicheka. Mkufunzi alimwambia aache mchezo, akaongeza mwendo, na haukupita muda yule kijana akaanguka kifudifudi. Tulimbeba mbio kwenda kwenye gari akiwa bado na mzigo wake wote mwilini, kofia na mikanda imefungwa, tukiona fahari kwamba tulikuwa wepesi. Alipona, lakini hakurudi tena katika kundi letu. Miaka mingi imepita ndipo tukajifunza kwamba kila tulichokifanya siku ile, tangu kicheko hadi kumbeba, kilikuwa kinyume.

Wala msidhani kwamba walio hodari hawafi. Julai 2013, katika milima ya Brecon Beacons huko Wales, askari watatu wa akiba wa Uingereza waliokuwa wakitahiniwa kuingia kikosi maalumu walishindwa na joto katika mwendo wa kilometa 26 wakiwa na mizigo mgongoni, na wote watatu wakafa. Hawakuwa wavivu, huwezi kuufikia mtihani ule ukiwa mvivu. Hapakuwa na adui. Mwaka 2015 mahakama iliyochunguza vifo hivyo iliamua kwamba uzembe wa waliosimamia zoezi ulichangia. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi ya ukungu na mvua, seuze kwetu.

Basi kamanda afanye nini? Kwanza aitazame saa. Kazi nzito kama kuchimba mahandaki, kujaza magunia na kusogeza vizuizi ifanywe alfajiri au jioni, maadam adui hakutulazimisha vingine. Zamu ya mchana iwe fupi kuliko ya usiku; kumweka mtu saa nne juani na saa nne kivulini si sawa na kumbadilisha kila baada ya nusu saa, ingawa hesabu ya saa ni ile ile. Kivuli kijengwe kabla ya bendera kupandishwa. Turubai, nyasi, makuti, cho chote, na pande ziachwe wazi upepo upite. Nyuma ya ukuta ulio salama, kwa amri, wachache kwa wachache, mikanda ya ubavuni ilegezwe na fulana iinuliwe hewa iingie, wakati wengine wameshika silaha. Amri hiyo ndogo ingeziokoa fulana nyingi na kutundikwa mitini, kwa kuwa askari ajuaye kwamba zamu yake ya kupumua yaja huvumilia; asiyejua huamua mwenyewe.

Pili, mgeni asipewe kazi ya mwenyeji. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto, tena kwa kufanya kazi kidogo kidogo ndani ya joto hilo, si kwa kulala kambini. Ukizoea, hutoa jasho mapema na hupoteza chumvi kidogo. Mazoea hayo hupotea katika majuma machache, kwa hiyo askari aliyerudi kutoka likizo ndefu ni mgeni tena, hata kama ndiye sajini mzee wa platuni. Aliye na homa ya malaria, anayeharisha, asiyelala usiku, na yule ambaye jana aliamkia waragi (tunajuana), hao wote ni wa kuangaliwa. Fulana haiwezi kuvaliwa juu ya homa.

Maji tumeyasema sana vikosini, pengine tumeyasema vibaya. Kunywa kidogo kidogo, robo lita kila dakika 15 au 20 za kazi, kabla kiu haijashika. Lakini mtu asipite lita moja na nusu kwa saa, wala lita 11 hivi kwa siku nzima. Maji matupu yakizidi huipunguza chumvi katika damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika, hata huweza kufa, huku wenzake wakimwongezea maji wakidhani ni joto. Chumvi ipatikane katika chakula; kwa hiyo askari wa zamu ya mchana asikose mlo wake. Wala pasiwe na kupunguza mzigo kwa kuacha maji nyuma. Tarehe 3 Oktoba 1993, katika mji ule ule wa Mogadishu, askari wa Marekani walitoka mchana kwa kazi waliyodhani itachukua kama saa moja. Wengi waliacha chupa za maji na darubini za usiku. Walipambana hadi asubuhi ya pili, na Wamarekani 18 walikufa katika mapigano hayo.

Sasa tuseme na askari mwenyewe juu ya kilicho chini ya fulana. Tumeona jezi za timu za mpira zinapendwa sana, kwa kuwa ni nyepesi na hukauka upesi. Hatuna ugomvi na timu ya mtu ye yote, lakini jezi hizo ni za nailoni na jamii yake, nazo zikishika moto huyeyuka na kuganda ngozini. Ndiyo sababu mwaka 2006 wanamaji wa Marekani waliokuwa Iraq walikatazwa kuvaa nguo za namna hiyo nje ya kambi. Vaa fulana nyepesi ya pamba isiyo na mishono minene, na uwe na nyingine kavu ya kubadilisha katikati ya zamu. Poda kidogo makwapani na kiunoni huzuia upele wa jasho. Upele si jambo la kuchekwa, maana ngozi iliyojaa upele haitoi jasho sawasawa.

Fulana ya kuzuia risasi nayo ina namna ya kukaa. Bamba la mbele lifike juu penye kijishimo cha koo, na vidole viwili vipite kati ya fulana na mwili. Ikibana mno huzuia pumzi. Ikilegea mno hucheza na kuchubua. Baada ya zamu ianikwe kivulini penye upepo, haidhuru jua liko tele nje. Uzi wa Kevlar, uliogunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia Stephanie Kwolek, hudhoofishwa na mwanga wa jua, ndiyo maana tabaka zake hutiwa ndani ya mfuko. Fua kifuniko cha nje tu. Mfuko wa ndani ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kuna uzi mwingine, Zylon, uliosifiwa kwa wepesi wake: mwaka 2003 risasi ilipenya fulana ya namna hiyo na kumjeruhi polisi mmoja wa Marekani, ikaonekana kwamba joto na unyevu huuharibu uzi huo, na mwaka 2005 ukaondolewa katika orodha ya vifaa vilivyokubaliwa. Fulana iliyoachwa ndani ya gari juani, imelowa jasho la juma zima, haitunzwi hata kidogo.

Na mtu akianguka? Msingoje ngozi yake iwe kavu. Askari aliyezidiwa na joto katikati ya kazi mara nyingi bado hutoka jasho. Dalili kuu iko kichwani: apepesukaye, ajibuye upuuzi, ashikwaye na hasira bila sababu, huyo joto lake huenda limepita digrii 40, na kila dakika humla ubongo. Mvueni fulana na kofia pale pale. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mmpepee kwa nguvu. Kama kuna pipa au hori la maji baridi, mtumbukizeni hadi shingoni, mtu mmoja akimshika kichwa. Mpozeni kwanza, kisha msafirisheni, na ndani ya gari mwendelee kumpoza. Asiyefikia hapo, aliyechoka tu kwa joto, na akae kivulini atumbukize mikono yake hadi viwikoni katika ndoo ya maji baridi kwa dakika 10 hivi. Damu nyingi hupita mikononi, nayo hurudi mwilini imepoa. Ndoo mbili za maji hazishindi bajeti ya kituo cho chote.

Tunajua baadhi ya makamanda watasema kwamba tunawafundisha askari kulalamika. La hasha. Askari anayesema "Afande, fulani amebadilika" anatoa taarifa ya adui, na ipokewe kama taarifa ya adui. Afande aliyekaa ndani ya gari lenye kipoza hewa ashuke, avae fulana yake na mabamba yake, asimame na vijana nusu saa penye lami. Baada ya hapo apange zamu.

Nasi tumekubaliana hivi ofisini petu: tutakapofika vituoni mara nyingine, kamera itabaki ndani ya begi kwa muda. Tutaomba kwanza kuonyeshwa turubai, pipa la maji, ndoo mbili, na karatasi ya zamu za mchana.