Piano ya Umeme: Usinunue kwa Macho, Nunua kwa Vidole

Ndugu msomaji, Jumapili hii napenda tuzungumzie chombo ambacho wazazi wengi wafanyakazi hujinyima ili wawanunulie watoto wao, nacho ni piano ya kidijitali. Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, ili wewe usije ukalirudia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia binti wa dada yangu kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61. Muuzaji alinihakikishia kwamba kilikuwa sawasawa na piano, nami nikamwamini kwa kuwa taa zake zilikuwa nyingi na midundo yake ilivutia. Mtoto akajifunza kwa bidii kwa miaka miwili. Siku alipoitwa kupiga piano ya kweli mbele ya wazazi, vidole vilimsaliti. Baadhi ya noti hazikulia kabisa, na nyingine zililia kwa kishindo. Alirudi kitini akitokwa na machozi. “Mjomba,” aliniambia, “ile piano ni nzito mno.” Lakini piano haikuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyevizoeza vidole vyake kwenye chombo chepesi.

Yafaa basi tufahamu kwanza piano ni kitu gani. Iliundwa na fundi wa Kiitalia, Bartolomeo Cristofori, katika mji wa Florence yapata mwaka 1700. Mpigaji anapobonyeza, nyundo ndogo hurushwa, hugonga uzi na kurudi nyuma papo hapo ili uzi uendelee kulia. Akibonyeza taratibu sauti huwa ya upole, na akibonyeza kwa nguvu sauti hunguruma. Nyundo za sauti nene ni kubwa kuliko za sauti nyembamba, na kwa hiyo vibonyezo vya kushoto huwa vizito kuliko vya kulia. Uzito huo ndio unaovifunza vidole adabu.

Utauliza, kwa nini basi tusinunue piano ya nyuzi? Piano ya kusimama huweza kuzidi kilo 200, huhitaji fundi wa kurekebisha nyuzi mara kwa mara, na unyevu wa pwani huivimbisha mbao na kuzitia nyuzi kutu. Piano ya kidijitali hubebwa na mtu mmoja au wawili, haipotezi ulinganifu wa sauti, na mtoto akivaa visikilizio masikioni, jirani wa chumba cha pili aliyetoka zamu ya usiku hulala kwa amani.

Lakini si kila yenye vibonyezo vyeupe na vyeusi ni piano. Uingiapo dukani, zingatia haya.

Kwanza, hesabu vibonyezo. Piano ya kawaida ina 88. Vikipungua, iko siku mwanafunzi atakosa pa kuweka mkono.

Pili, mwombe muuzaji aizime, kisha ubonyeze ikiwa kimya. Bonyeza cha mwisho kushoto, halafu cha mwisho kulia. Ukihisi uzito unapungua kidogo kidogo, ujue ndani mna nyundo zilizopangwa kwa kufuata piano ya asili. Ukihisi springi inayokusukuma kidole, hicho ni kinanda cha kawaida. Wala usidanganyike kwamba kizito zaidi ndicho bora, kwani uzito uliopita kiasi huchosha mkono wa mtoto.

Tatu, iwashwe. Piga noti moja kwa upole kabisa, kisha kwa nguvu, uone kama sauti inakufuata. Halafu piga noti hiyohiyo upesi mara nyingi. Vyombo vyenye vihisi vitatu chini ya kila kibonyezo hutambua pigo jipya hata kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa.

Nne, uliza ni noti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Zikiwa chache, mpigaji akishikilia pedali noti za mwanzo hukatika. Yamaha P-145, iliyotolewa mwaka 2023, ina noti 64 na inamfaa anayeanza. Roland FP-30X, iliyotolewa mwaka 2021, ina noti 256, na vibonyezo vyake huiga hata kile kikwazo kidogo kidole kinachokihisi nyundo inapoachiwa.

Tano, tazama vitu vinavyoizunguka. Pedali ndogo inayoletwa pamoja na piano ya bei nafuu mara nyingi hujua kuwaka na kuzima tu, ilhali pedali ya kweli hukubali kukanyagwa nusu. Nayo meza inayotikisika huharibu hata chombo kizuri. Nunua stendi imara, ifunike piano kwa kitambaa, na uikinge na umeme unaopanda na kushuka.

Kama fedha hazitoshi, heri ununue iliyotumika lakini yenye nyundo, kuliko mpya yenye taa. Ukifanya hivyo, jaribu vibonyezo vyote 88, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu ileile. Kinacholia kwa kishindo kuliko wenzake, au kilicho kimya, ni dalili ya matengenezo yatakayokugharimu. Tena mchukue mwalimu wa mtoto dukani, maana vidole vyake vinajua yale ambayo macho yetu hayayaoni.

Sisi tulikiuza kile kinanda kwa hasara, tukachanga fedha, tukapata piano iliyotumika. Ilimchukua binti yetu miezi mingi kusahau mazoea ya zamani, na hata sasa kidole chake cha mwisho husitasita. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndugu msomaji, na mimi nilimkunja vibaya. Wewe bado unayo nafasi.