Parafujo Kubwa Si Dawa

Liko neno moja lisemwalo kila siku katika karakana zetu, nalo limeharibu vyombo vingi kuliko kutu. Neno lenyewe ni "Kaza tu." Parafujo ikilegea, kaza tu. Ikizunguka bila kushika, itafutwe nyingine iliyo nene zaidi, kisha kaza tu. Neno hili nalipinga, na ili hoja yangu isielee hewani nitalipima kwa kitu kimoja kidogo, yaani kabureta ya pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Pengine utauliza, msomaji, mwanafunzi wa sekondari ana haja gani na chombo kilichoundwa kabla babu yake hajaoa. Nakuomba subira, haja ipo, tena si ndogo.

Pikipiki nyingi za BSA, Triumph na Norton zilizoundwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 zilitumia kabureta za Amal, zilizotengenezwa Birmingham. Aina iitwayo Monobloc ilitoka mwaka 1955, na ile iitwayo Concentric ikafuata mwaka 1967. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa kabla havijaingia katika injini. Ina bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli mna boya lipandalo na kushuka ili petroli isizidi wala isipungue. Bakuli hilo, au kifuniko chake, hushikwa na parafujo ndogo ambazo mtu aweza kuzificha zote katika kiganja cha mtoto.

Sasa angalia ubishi uliomo humo. Parafujo ni ya chuma. Mwili wa kabureta si chuma, wala si alumini kama wengi wadhaniavyo. Ni mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni zinki. Chuma na zinki vikishindana, wajua kipi kitashindwa. Kila fundi apitaye hukaza kidogo kuliko mwenzake aliyemtangulia, na mwisho wake hesi, yaani ile mistari ya mzunguko iliyochongwa ndani ya tundu, hung'oka ikatoka nje pamoja na parafujo, mfano wa uzi mwembamba unaong'aa. Tangu saa hiyo bakuli halifungiki sawasawa. Petroli hudondoka, na chini yake ipo injini yenye moto, na juu yake yapo magoti ya mwendeshaji. Mwenye kusema kwamba parafujo ni jambo dogo na afikiri kwanza juu ya magoti hayo.

Hata mahali ambapo hesi hazijafa, kukaza kupita kiasi kuna madhara yake. Nati mbili zinazoifunga kabureta ya Amal kwenye injini zikikazwa mno, kitako chake hupinda, na ile valvu ipandayo na kushuka ndani yake hukwama. Mwendeshaji hurudisha mkono wa mafuta, lakini injini haipunguzi mwendo. Jambo hili si la kuchekesha kwa mtu anayeteremka kuelekea Mai Mahiu.

Turudi kwenye parafujo nene. Parafujo nyingi ndogo za kabureta hizo zilikatwa kwa kipimo kiitwacho BA, kilichopendekezwa mwaka 1884 na Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi. Kipimo hiki kina utaratibu ambao mwalimu yeyote wa hesabu angeupenda. Namba 0 ina nafasi ya milimita 1 kutoka hesi moja hadi ya pili. Namba 1 ina milimita 0.9. Namba 2 ni 0.9 mara 0.9, yaani milimita 0.81, na kila namba ifuatayo ni sehemu tisa za kumi za ile iliyoitangulia. Unene wa parafujo ya namba 2 ni milimita 4.7.

Katika duka la vyuma la leo si rahisi kuipata parafujo hiyo. Utapewa ya milimita 5, ambayo nafasi ya hesi zake kwa kawaida ni milimita 0.8. Utalinganisha 0.8 na 0.81, utafurahi, utasema hawa ni ndugu. Si ndugu hata kidogo. Unene umezidi kwa milimita 0.3. Tena pembe ya hesi ya BA ni nyuzi 47 na nusu, na pembe ya hesi ya milimita ni nyuzi 60; moja ni nyembamba na nyingine imepanuka. Parafujo itaingia, naam, kwa kuwa zinki ni laini, na fundi atajisifu kwamba imeshika. Imeshika kwa kuponda kilichobaki. Siku itakapofunguliwa itatoka na mabaki yote, na tundu lililokuwa likidai matengenezo madogo litadai makubwa. Hii ndiyo hasara ya "Kaza tu": haiondoi ubovu, humwachia tu mtu mwingine ambaye hajafika.

Wako waganga wengine wawili wa namna hiyo. Wa kwanza hujaza gundi katika tundu akaisukumia parafujo ndani. Gundi nyingi hulainika zikikaa na petroli, na bakuli la kabureta ni nyumba ya petroli. Basi mwenye kutia gundi humo amejenga kwa chumvi kando ya mto. Wa pili huwasha moto wa kuchomelea, akiamini kuwa anayo alumini mkononi. Alumini huyeyuka penye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini mchanganyiko huu wa zinki huyeyuka karibu na nyuzi 385 tu. Kabla hajaona rangi yoyote ikibadilika, kabureta imekuwa uji. Aliyetaka kuokoa tundu moja amepoteza chombo kizima.

Wasemao "Tupa, nunua mpya" nawaheshimu zaidi, maana hao angalau hawadanganyi chuma. Kabureta za Amal na vipuri vyake vingali vikitengenezwa Uingereza hata leo, na kabureta ambayo valvu yake imelika pande zote haifai kuonewa huruma. Lakini hesi kufa katika tundu moja si kufa kwa kabureta. Hatumchinji ng'ombe kwa sababu ya kupe mmoja.

Dawa iliyo halali yahitaji utulivu kuliko nguvu. Kabureta hutolewa kwenye pikipiki, hufunguliwa yote na kuoshwa. Tundu lililokufa hupanuliwa kwa keekee ya kipimo maalumu, nayo husimamishwa wima kabisa, kwa kuwa ikiinama kidogo bakuli halitakaa sawa milele. Mara nyingi tundu halitokei upande wa pili. Kwa hiyo mwenye busara hufunga kipande cha utepe kwenye keekee, kimwonyeshe mahali pa kukomea. Kisha huchonga hesi mpya kwa kifaa cha kukatia hesi, akitia tone la mafuta ya taa, akizungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili vumbi la madini likatike. Ndani ya hesi hizo mpya huingizwa waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kama springi. Wengi wauita Heli-Coil. Ndani ya waya huo parafujo ya asili, ile ile ya namba 2, hurudi mahali pake. Sasa chuma chashikana na chuma, na tundu ni imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Kijiti kidogo kilichoko mwisho wa waya huvunjwa na kuondolewa, na kila chembe hupulizwa nje, kwa sababu tundu la jeti ndogo halifikii hata milimita 1, na chembe moja yatosha kuliziba.

Ikiwa ukuta wa tundu ni mwembamba mno, waya huo hautafaa, maana keekee itatoboa hadi nje. Hapo hutengenezwa kizibo chenye hesi, hukazwa ndani ya tundu, hukatwa sawa na uso, kisha hutobolewa upya kwa kipimo cha kwanza. Ni kazi ya adhuhuri nzima kwa ajili ya parafujo moja. Sioni aibu kuisifu.

Wewe huna BSA, najua. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda zipitazo mbele ya shule yako zina kabureta, na mwili wake ni laini vile vile, na parafujo zake hufa kifo kile kile. Tofauti ni kwamba hizo ni za milimita, na mwenye nazo hana akiba ya kununua nyingine. Petroli inayodondoka barabarani ni chakula cha watoto wake. Nimewasikia wanafunzi wakimcheka fundi wake kwa sababu ya mikono yake myeusi, na nimemsikia fundi akisema kwamba vidole vyake vyajua kila kitu bila vipimo. Nawakatalia wote wawili. Vidole vya fundi hujua mahali pa kuacha kukaza, na mwanafunzi hana ujuzi huo. Lakini kidole hakitoi kipimo cha uhakika cha tofauti ya milimita 0.3, na mwanafunzi aijua njia ya kuipima.

Kalipa ya vernia imo katika maabara za fizikia za shule nyingi, na mara nyingi hutolewa kabatini wakati wa mtihani tu. Mwombeni mwalimu wenu awape ruhusa, mwende nayo kwa fundi aliye karibu na lango, mmwamkie kwa adabu, mmwombe parafujo moja ya bakuli la kabureta. Ipimeni unene. Kisha pimeni na ile nene aliyokwisha kuiweka tayari mezani.