Askari Asiachwe Peke Yake

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai taifa husimama kimya. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, tarumbeta hulia, na sisi wa magazeti huwapiga picha wazee wenye nishani vifuani. Kesho yake picha hizo hutoka katika ukurasa wa mbele. Siku ya tatu wazee wale wamekwisha rudi makwao, na hapana tena awaulizaye hali mpaka mwaka mwingine. Katika lawama tunayoileta leo gazeti hili nalo limo, hatujitoi.

Twasema haya kwa sababu ya msiba. Si siku nyingi tulikwenda kumzika ndugu mmoja aliyekuwa mgambo, akaitwa vitani mwaka 1978, akavuka Mutukula akiwa kijana wa miaka 20 na kufika hata Kampala. Ndugu huyo alijiua. Pale mazikoni watu walinong'ona. Wengine walitaja pombe, wengine walitaja uchawi, na mmoja alisema kwa sauti kwamba mtu aliyepona mizinga ya Amini hawezi kushindwa na upweke. Huyo wa mwisho ndiye tunayetaka kumjibu.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu halikuwa kubwa. Liliongezewa nguvu na maelfu ya mgambo: wakulima, makarani, watu wa viwandani, vijana ambao mwaka mmoja kabla yake hawakuwa wameshika bunduki. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita mgambo wengi walirudishwa makwao, huyu kwenye jembe lake na yule kwenye mashine yake. Walipokewa kwa ngoma na vigelegele, kama ilivyostahili. Lakini je, nani aliwauliza waliyoyaona? Aliyemzika mwenzake kando ya barabara alitakiwa Jumatatu awepo kazini kama mtu aliyetoka likizo.

Ni haki kusema kwamba hata mabingwa wa elimu walikuwa nyuma katika jambo hili. Ilikuwa mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya vita vyetu kwisha, ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoyaandika rasmi katika kitabu chao maradhi haya ya kiwewe, baada ya kuona hali ya askari waliotoka Vietnam. Dalili zake ni ndoto za kutisha, kushtuka kwa jambo dogo, ghadhabu isiyo na sababu, na kujitenga na watu. Kwa hiyo aliyesema mwaka 1979 kwamba kijana amerogwa tunaweza kumsamehe. Anayesema hivyo leo hatuoni udhuru wake.

Tunamfahamu mzee mmoja ambaye mvua ikianza kupiga mabati usiku hutoka nje, akakaa chini ya mwembe mpaka itulie. Alilowa hivyo kwa miaka mingi, na mtaa mzima ukamwita mlevi, ingawa pombe hainywi. Siku moja jirani yake, fundi seremala, alitoka naye akakaa naye palepale kwenye mvua, bila kuuliza neno. Tangu hapo hucheza bao kila jioni. Mzee bado hutoka mvua inyeshapo, ila sasa hubisha hodi kwa jirani. Wala tusidhaniwe kuwa twasema kila askari ni mgonjwa. Walio wengi wameishi kwa heshima, wamelea watoto na kujenga nchi.

Jambo alilolifanya seremala yule bila kusoma popote, liko daktari aliyelipima. Jerome Motto wa San Francisco alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, na huko vitani alionja faida ya kupata barua kutoka kwao. Kuanzia mwaka 1969 aliwatafuta watu waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, kisha wakayakataa matibabu, jumla yao 843. Baadhi yao aliwaandikia kwa muda wa miaka 5 barua fupi za kuwajulia hali, zisizodai kitu. Wengine hawakuandikiwa. Katika miaka 2 ya kwanza, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao. Barua fupi tu, jamani!

Sheria nayo ina sehemu yake katika aibu hii. Waingereza ndio waliotuletea kanuni inayomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufikishwa mahakamani. Kwao waliifuta mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata uhuru, nasi tukabaki tumeikumbatia. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Twawaomba wabunge wetu walitazame jambo hili, kwa maana nani atakayeyafungua ya moyoni mwake ikiwa anahofia pingu?

Mwaka 1978 tulikuwa na sababu, uwezo na nia ya kumpiga adui. Kumtunza aliyempiga kwataka nia hiyohiyo, na hakuhitaji fedha nyingi. Kila balozi wa shina anajua ni nyumba ipi yenye askari mstaafu. Kila tawi la wafanyakazi linajua ni nani alirudi Darfur, walikouawa askari wetu 7 Julai 2013, na ni nani alirudi Kongo baada ya shambulio la Semuliki la Desemba 2017 lililowaua si chini ya 14. Hao bado ni vijana. Waendewe. Na mwanachama akisikia mwenzake akisema amechoka na dunia, asibadili mazungumzo. Amwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wataalamu wamekwisha kulihakikisha hilo. Akikiri, asiachwe peke yake hata saa moja, silaha na sumu za shamba ziondolewe karibu naye, na asindikizwe hospitali na mtu anayemwamini.

Sisi wa gazeti hili tumeanza kuandika barua kwa wazee tuliowapiga picha Julai iliyopita. Hatuwaombi habari wala picha. Ya kwanza imekwenda kwa mzee wa mwembe, na tumeipeleka kwa mkono.