Sehemu ya 4: Binti kamaliza utabibu, kazi hakuna. Msimwachie peke yake

Nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, ila hili siwezi kulilalia.

Wiki iliyopita jirani yangu alinigongea saa mbili usiku. Binti yake ni tabibu. Kasoma stashahada miaka 3, kasajiliwa na Baraza la Madaktari, na ana mtoto wa miezi 7. Yule mama alitaka nimkopeshe laki tatu aongezee kwenye laki tano alizonazo, eti kuna "mtu wa ndani" atamwingiza binti kwenye orodha ya ajira za serikali. Nikamwambia, dada yangu, sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Kanuna. Bora anune.

Jamani, kuomba kazi serikalini ni bure. Unajisajili mwenyewe mtandaoni, unaweka vyeti, unasubiri. Anayekudai hela ya "kusukuma jina" anakula ada uliyomsomeshea mwanao mara ya pili.

Ila na sisi wazazi tuna kosa letu. Tunamwambia mtoto, "Tulia nyumbani, serikali itakuita." Miaka miwili inapita, mikono inasahau kazi. Maoni yangu ni haya: ajira ya serikali iombwe kila ikitangazwa, lakini isisubiriwe kwa kukaa.

Kwanza, vyeti. Watu wengi huanguka hapa kabla hata ya usaili. Hati za matokeo hazipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, vya shule, cha chuo na kitambulisho cha taifa. Nyie mlioolewa mkabadili jina, hapa ndipo mnaponaswa, tengenezeni hati ya kubadili jina mapema. Barua isainiwe, na wadhamini uwaambie kabla hujawaandika. Mtu anapigiwa simu anasema "simjui huyo", basi imeisha.

Pili, toka nje. Zahanati binafsi, hospitali za mashirika ya dini, viwanda na migodi yenye kliniki, wote hao wanahitaji matabibu. Wengi hawatangazi popote. Nenda asubuhi, umevaa vizuri, na nakala za vyeti na leseni, omba kumwona mganga mfawidhi. Wasalimie na wauguzi. Sisi ndio tunaoulizwa, "Yule kijana wa juzi anafaa?" Tunamkumbuka aliyemsikiliza mama hadi mwisho kabla ya kuandika dawa. Deiwaka ya zamu mbili kwa wiki usiidharau, wengi niliofanya nao kazi waliingilia mlango huo.

Tatu, kujitolea. Hapa najua nitagombana na watu. Kujitolea ni kuzuri, kunalinda ujuzi. Lakini kuwe na barua, kuwe na muda. Binti wa jirani alijitolea miezi 14 mahali fulani, anashika zamu kama mwajiriwa, nauli anatoa mama yake anayeuza vitumbua. Huko siyo kujitolea tena. Mimi nasema miezi 3, ikizidi sana 6, kisha uliza kwa heshima: kuna nafasi au naomba barua ya uzoefu niende?

Nne, ukipata kazi binafsi, dai mkataba wa maandishi na usome kabla ya kusaini. Mama unayenyonyesha, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100. Usione aibu kuuliza, hiyo ni haki yako, siyo hisani.

Mwisho, kaeni kama familia kabla simu haijaita. Akipangiwa zahanati ya kijijini mbali, mtoto anaenda na nani? Baba atahama au atabaki? Nimeona watu wanaacha kazi ya kudumu kwa sababu swali hilo liliulizwa siku ya kuripoti. Na nyie akina baba, kubeba mtoto saa tatu mke wako aende usaili hakukupunguzii kitu.

Jana yule binti alikuja kwangu. Tukamwaga vyeti vyote mezani, tukakuta jina la kati limeandikwa namna mbili. Laki nane zisingelirekebisha hilo. Leo kaenda kulishughulikia, na kesho anaanza kuzungukia zahanati. Mtoto kabaki na bibi yake, yule yule aliyeninunia.

Wenye maswali niulizeni hapo chini, nikiamka nitajibu.